Lutengano: Habari za Amani Katika Nchi ya Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Wasomaji wetu wengi wamepita njia ishukayo kutoka Tukuyu kwenda Kyela, na katika nchi ile ya juu wamesikia habari za pahali paitwapo Lutengano. Jina hilo si la mto, wala si la mtemi. Maana yake katika Kinyakyusa ni amani. Wamisionari wa Kimoravian walifungua stesheni pale mwaka 1894, nao wakaliandika jina Rutenganio kwa desturi ya herufi zao. Tukilifikiri jina hili pamoja na mwaka wenyewe hatuna budi kustaajabu, maana mwaka 1894 nchi ya kaskazini ya Ziwa Nyasa haikuwa nchi ya amani hata kidogo. Mlozi, mfanya biashara ya watumwa, alikuwa angali hai katika boma lake karibu na Karonga. Wadachi walikuwa wamekwisha kuja na bunduki zao. Homa ilikuwa ikiwaua wenyeji na wageni pia. Basi watu walioita pahali Amani katika siku kama zile, waliona nini?

Twataka kulijibu swali hilo kwa habari za mambo yaliyotukia. Mahubiri wasomaji wetu huyasikia kila Jumapili, nasi hatutaki kuwaongezea mengine.

Kwanza tuikumbuke nchi. Kyela ni uwanda ulio chini, kati ya milima ya Ukinga upande wa mashariki, ile ambayo Wazungu waliiita Milima ya Livingstone, na mto Songwe upande wa magharibi. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka nchi ya juu zikileta udongo mwema. Udongo huo ndio uwapao watu ndizi, mpunga na kakao. Na mito hiyohiyo ndiyo iletayo mafuriko wakati wa masika, hata maji yakaingia nyumbani na kuku wakalala darini. Mpaji na mnyang'anyi ni mmoja. Ziwa nalo ni vivyo hivyo: hutoa samaki, na kusi ikivuma humeza mitumbwi. Watu wa nchi ya namna hii hawahitaji mwalimu wa kuwaambia kwamba maisha yana taabu.

Lakini taabu ya maji ni nyingine, na taabu itokayo mikononi mwa binadamu ni nyingine. Mwezi wa Oktoba mwaka 1887 watu wa Mlozi waliwashambulia Wangonde katika nchi ya Karonga. Wengi walikimbilia matete ya dimbwi la Kambwe, karibu na ziwa, wakajificha humo pamoja na watoto wao. Adui wakayatia moto matete. Waliokimbia moto walikutana na bunduki, na waliokimbia bunduki walikutana na mamba. Monteith Fotheringham, aliyekuwa mtu wa kampuni ya African Lakes huko Karonga, aliyaandika mambo haya katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1891. Katika wale waliosalia, wengi walivuka Songwe wakaingia Unyakyusa, wakapokewa. Maana Wangonde na Wanyakyusa ni watu wa asili moja, na mmoja akisema mwenzake husikia. Vita viliendelea hata mwaka 1889, kisha kukawa na mapatano yasiyokuwa na nguvu, na Mlozi hakuondoka mpaka Desemba 1895, Harry Johnston alipolivunja boma lake, naye Mlozi akanyongwa.

Kwa hiyo wamisionari walipofika mwaka 1891, hapana shaka katika vijiji vya upande huu wa Songwe walikuwamo watu walioyaona matete yale yakiwaka. Jambo hili twaomba msomaji alishike, maana vitabu vingi vya misheni huanza habari na siku Wazungu walipofika, kana kwamba watu waliowakuta hawakuwa na jana.

Tena tuwakumbuke wanawake. Bibi Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari wa Kimoravian aliyekaa nchi ya juu, aliandika kwa uangalifu maisha ya wanawake waliopita katika utumwa, kama Narwimba na Chisi. Ukiyasoma maisha yao utaona jinsi mwanamke asiyekuwa na wa kumtetea alivyoweza kutolewa kama malipo, akahamishwa kutoka mkono wa huyu mpaka mkono wa yule, akizaa watoto na kuwapoteza njiani. Wanawake wa namna hiyo walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukaa karibu na stesheni. Walikuja kutafuta ukuta wa kujificha nyuma yake. Habari za roho waliziona baadaye. Hatuoni aibu kulisema hili. Mtu aliyelowa na mvua huingia nyumba kwa sababu ya paa, kisha ndipo aonapo waliomo.

Je, kabla ya Injili watu hawa hawakuwa na njia ya kutafuta amani? Walikuwa nayo. Mwalimu asemaye kwamba wazee wetu waliishi kama wanyama wasiojua upatanisho, hajawauliza wazee. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakajifunza lugha, wakasikiliza, na vitabu vyao vimehifadhi mengi.

Wazee waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni ni sumu. Mtu akitenda vibaya, majirani wakanung'unika juu yake, manung'uniko yao humjia kama upepo wa baridi, mwili ukatetemeka kwa homa, au ng'ombe wake wakakausha maziwa. Jambo hilo waliliita pumzi ya watu. Na dawa yake haikuwa majani ya msituni peke yake. Dawa ilikuwa kusema. Jamaa wenye ugomvi walikutana, kila mmoja akayatoa yaliyokuwa moyoni mwake bila kuficha, hata maneno makali, kisha mkubwa akatia maji kinywani akayapuliza, iwe ishara ya kwamba hasira imetoka. Mtu akisema midomoni kwamba amesamehe, na ndani ameshika, kazi ile yote ilikuwa bure, na ugonjwa ungerudi. Kule kupuliza maji kuliitwa ukupuuta. Nako kusali, katika Kinyakyusa cha Wakristo, ni ukwiputa. Msomaji na ayatazame maneno hayo mawili, aone yalivyo ndugu.

Lakini kulikuwa na hofu moja ambayo njia ya kale haikuiondoa. Zamani Kyala lilikuwa jina la shujaa aliyetambikiwa katika pango karibu na ziwa, chini ya milima ya Ukinga, upande wa Matema na Ikombe. Mwingine mkuu alikuwa Lwembe, aliyetambikiwa Lubaga katika nchi ya juu. Kwa watu wa wakati ule, nguvu kubwa kama hizo zikikaribia si heri: ni radi, ni tauni, ni njaa. Walitambika wakitaka aliyekaribia arudi kwake, akae mbali, awaache watu wapumzike. Amani ilikuwa ni kuachwa.

Basi wamisionari walilitwaa jina hilohilo, Kyala, wakalifanya jina la Mungu katika Kinyakyusa. Hatujui kama walifahamu ukubwa wa walilotenda. Maana habari waliyoileta ni kwamba Kyala amekaribia, amekaa na watu, amelia kaburini pa rafiki yake, na kukaribia kwake si msiba. Sisi twaona kwamba hilo ndilo lililokuwa jambo jipya kuliko yote, kuliko nguo, kuliko shule, hata kuliko kuhesabu siku saba. Mzee aliyezoea kuomba Kyala aende zake, sasa alifundishwa kumwomba akae. Haishangazi kwamba wengi walichukua miaka kabla ya kukubali.

Habari za kufika kwao tutazieleza kwa ufupi, maana zinajulikana. Wamoravian wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walipitia Zambezi na Shire mpaka ziwani mwaka 1891. Martin alikufa kwa homa mwezi wa Septemba mwaka huohuo, wala hakuiona kazi. Wenzake walijenga Rungwe. Wa misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika mwaka huo pia, wakaanza upande wa mashariki: Wangemannshöhe, kisha Manow, Mwakaleli, Ikombe, na baadaye Matema penye ufuo. Wamoravian walishuka Ipiana mwaka 1894, katika uwanda wenyewe wa Kyela, penye mbu na joto.

Miaka ikapita bila ya mtu kubatizwa Rungwe. Wa kwanza alikuwa mwanamke, Fiabarema, naye alibatizwa mwaka 1897. Akapewa jina jipya, Numwagile. Wanaojua Kinyakyusa wataelewa: nimempata. Yeye hakupewa jina la mtakatifu wa Ulaya, wala la malkia. Amechukua sentensi nzima iwe jina lake, na kila aliyemwita aliitamka habari yake bila kukusudia.

Sasa tuje katika jambo lenyewe. Mkristo wa Ipiana au wa Matema alipofiwa na mtoto, au shamba lake lilipochukuliwa na maji, imani ilimfaa nini? Mafuriko hayakupungua kwa sababu amebatizwa. Homa haikuuliza nani anasali. Twaona mambo mawili hasa.

La kwanza ni desturi ambayo Wamoravian waliileta kutoka kwao. Kabla ya Meza ya Bwana, kila mshirika huenda kwa mchungaji au kwa mzee, mmoja mmoja, aseme habari za moyo wake: ana ugomvi na nani, amelemewa na nini. Wazungu waliona kwamba wanaleta jambo geni. Lakini Mnyakyusa aliyesikia kwamba sharti aseme hasira yake kabla ya kula pamoja na wenzake, hakuliona geni hata kidogo. Babu yake alikwisha kulijua. Lililobadilika ni kwamba sasa aliweza kulisema hata asipokuwa mgonjwa, hata ikiwa aliyemkosea si wa ukoo wake, tena pasipo hofu ya kwamba asiposema atauawa na pumzi ya jirani. Mwanamke aliyekuja kutoka utumwani, asiye na baba wala mjomba wa kumpulizia maji, naye alikuwa na mtu wa kumsikiliza. Kwa huyo jambo hili lilikuwa kubwa kuliko tunavyoweza kueleza.

La pili ni maziko. Wasomaji waliokuwa wakubwa katika nchi hii wanajua, na wasiojua wamesoma kwa Godfrey Wilson, jinsi maziko ya Kinyakyusa yalivyokuwa. Kilio kikipigwa, wanawake hujaa nyumbani wakiomboleza juu ya maiti. Wanaume huleta ng'ombe wa kuchinjwa. Vijana hucheza ngoma na mikuki mikononi, wakirukaruka vumbi likipanda, na mara nyingine ugomvi ukatokea katika ngoma hiyo na damu ikamwagika. Wamisionari waliikataza ngoma ya matanga kwa washirika, wakaweka mahali pake nyimbo na maombi. Wengi waliona uchungu. Walisema, Mnatutaka tumzike baba yetu kimya kama mwizi?

Sisi twaona kwamba katika neno hili wamisionari walihukumu upesi. Ngoma ile haikuwa furaha ya watu wasiojali. Ilikuwa njia ya kumtoa mfiwa katika hofu mpaka kwenye ushujaa: mtu huanza na machozi, akacheza, na mwisho akaweza kutazama kifo usoni bila kutetemeka. Aliyeifuta ngoma alikuwa na wajibu wa kutoa kitu kingine chenye nguvu sawasawa. Je, alikitoa? Twajibu: si siku ya kwanza. Nyimbo za Kizungu zilizofasiriwa, zikiimbwa polepole na watu kumi, zilikuwa kitu kidogo mbele ya ngoma ya watu mia. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda wimbo ulikua. Ukawa wimbo wa usiku kucha, sauti nne, wanawake wakianza na wanaume wakipokea, nao wafiwa wakiwa katikati. Ngoma ilimpa mtu moyo wa kusimama mbele ya kifo akiwa na mkuki. Wimbo ulimkalisha karibu na kifo hicho mpaka kukapambazuka, wala hakuachwa peke yake. Tena katika wimbo hakuwako aliyechomwa mkuki.

Yote hayo yalikuwa bado machanga vita vilipokuja.

Septemba 1914 askari wa Wadachi walivuka Songwe kuishambulia Karonga, wakapigwa huko tarehe 9 Septemba. Mpaka wetu, ambao wakati wa Mlozi ulikuwa kimbilio, ukawa uwanja wa vita. Mei 1916 Jemadari Northey aliingia na jeshi la Waingereza kutoka Nyasaland, akaitwaa Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Majeshi yote mawili yalikula ng'ombe wa watu, na yote mawili yalitwaa wanaume kuwa wapagazi, wale walioitwa tengatenga. Walichukua mizigo ya unga na risasi mpaka nchi za mbali, na wengi hawakurudi. Walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milimani na kwa njaa, wakazikwa kando ya njia au wasizikwe. Kisha mwisho wa mwaka 1918 ikaja homa ile ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikaingia nyumba ambazo vita vilikuwa vimeziacha.

Na katika miaka hiyohiyo kundi likaondolewa wachungaji. Kuanzia mwaka 1916 wamisionari wa Kidachi, wa Berlin na wa Herrnhut, walitwaliwa kama watu wa adui, wakatolewa katika nchi. Msomaji na apime hali ilivyokuwa. Hakuwako hata mwenyeji mmoja aliyekwisha kuwekewa mikono kuwa mchungaji. Fedha kutoka Ulaya zilikatika, na walimu wakabaki bila mshahara. Wenye kuidharau dini walikuwa na neno jepesi la kusema: Hao Wazungu wenu wamechukuliwa mateka, na Mungu wao yuko wapi? Swali hilo lilikuwa gumu, maana Wakristo waliopigana walikuwa Wakristo pande zote mbili, na watu wa Kyela walijua hivyo.

Kanisa lingeweza kufa hapo. Halikufa, nasi twataka kueleza kwa nini, kwa maoni yetu.

Mwalimu asiyewekewa mikono hakuweza kushirikisha watu Meza ya Bwana. Lakini tuhesabu aliyoyaweza. Aliweza kusoma Agano Jipya, maana lilikwisha kufasiriwa katika lugha ya nchi, nalo lilikuwa mikononi mwa watu. Aliweza kusali. Aliweza kuwaketisha wawili waliokosana chini ya mti, kila mmoja aseme mpaka moyo wake uwe mweupe. Aliweza kukaa katika matanga usiku mzima na kuanzisha wimbo. Aliweza kuchimba kaburi. Yaani, karibu kila jambo lililompa mtu amani katika taabu lilikuwa tayari mikononi mwa wenyeji, na mengine lilikuwa mikononi mwao tangu kabla ya Wazungu kuja. Stesheni ilikuwa na nyumba ya matofali na karani na ghala, na hayo yalitwaliwa. Lakini amani haikuwa imewekwa ghalani.

Baadhi ya watu wa kizazi hicho wanajulikana kwa majina. Maisha ya wainjilisti Fiwombe Malakilindu na Sakalija Mwakasungula yaliandikwa na wamisionari wa Kimoravian katika vitabu vilivyopigwa chapa Ujerumani. Lakini walio wengi hawakuandikwa: mwalimu wa kijiji mwenye mbao mbili za kuandikia na kengele ya chuma kilichovunjika, ambaye asubuhi alilima shamba lake ili ale, na jioni akawaita watu kusali. Tena wako wajane wa tengatenga, ambao walifagia nyumba ya sala iliyokuwa haina mtu wa kuwalipa. Sisi walimu tunapolalamika juu ya mishahara, nasi tunalalamika, inafaa tuwakumbuke hao.

Baadaye Waskoti wa misheni ya Livingstonia, kutoka ng'ambo ya Songwe, walikuja kuziangalia sharika hizi mpaka Wadachi waliporuhusiwa kurudi. Tuwashukuru kwa wema wao. Mmoja wa Waskoti wa huko, D. R. Mackenzie, aliyekaa miaka mingi katika nchi ya Karonga, alitoa kitabu mwaka 1925 ambacho jina lake lasema kwamba Wakonde ni watu waliotawaliwa na mizimu. Kitabu kina mengi mema ndani yake, lakini jina hilo halitupendezi. Katika miaka ileile watu wa asili hiyohiyo walikuwa wamelishika kanisa bila mchungaji kati ya vita, njaa na tauni.

Wadachi walirudi mwaka 1925 na 1926. Wakakuta nyumba nyingine zimeanguka, na makanisa yana watu. Tusifiche kwamba hayakuwa yote shwari. Wako waliooa mke wa pili katika miaka ile na hawakutaka kumwacha. Wako waliokuwa wameiacha imani. Na wako walimu waliokuwa wameongoza wenyewe miaka karibu kumi, ambao kurudi chini ya amri ya mgeni kuliwawia vigumu. Ng'ambo, katika nchi ya Karonga, Jordan Msumba alianzisha kanisa lake mwenyewe, lisilowafukuza wenye wake wengi, nalo likapata watu pande zote mbili za mpaka. Watu walikuwa wameonja kujiongoza, na ladha hiyo haikutoka kinywani. Vita vya pili vilipokuja, na wamisionari Wadachi wakatwaliwa tena mwaka 1939 na 1940, watu hawakuuliza tena swali lile la kwamba Mungu yuko wapi kwa hofu kama ya kwanza. Maana sasa walikuwapo wachungaji wa nchi hii waliowekewa mikono, na walikuwapo wazee waliokwisha kuipita njia hiyo.

Limebaki jambo moja. Msiba ulio mgumu kuliko yote ni msiba usio na kaburi. Wale tengatenga waliokufa njiani, mama zao walilia wapi? Na ziwa nalo huchukua watu lisiwarudishe. Tarehe 30 Julai 1946 meli Vipya ilizama upande wa Nyasaland, watu zaidi ya 140 wakafa maji. Aliyekufa hivyo hana udongo wa kukanyagwa, wala jiwe la kuwekwa, wala pahali pa kuketi na kuimba.

Wamoravian wana ibada ya Pasaka alfajiri, ambayo ilianza Herrnhut mwaka 1732. Watu huenda makaburini gizani wakisubiri jua, na katika maombi ya ibada hiyo hukumbukwa ndugu wote waliolala tangu Pasaka iliyopita. Maneno ya maombi hayo hayaulizi kama marehemu amezikwa hapo au siko. Ibada hiyo haihitaji mkate wala divai. Mwalimu aweza kuiongoza, hata mzee wa kanisa. Nayo imepata makazi katika nchi yetu.

Katika uwanda wa Kyela Pasaka huangukia siku za masika. Mara nyingi mvua imenyesha usiku kucha, Mbaka na Kiwira zimejaa, na makaburini ni matope matupu. Watu huja na taa, wamekunja nguo, watoto wamebebwa mgongoni, na wanawake wengine hulia kwa sauti kama walivyolia bibi zao, wala hakuna awanyamazishaye. Huimba wakiwa wamegeukia milima ya Ukinga. Jua la huku hukawia, kwa sababu ya urefu wa milima ile. Mbingu hutangulia kuwa nyeupe kwa muda mrefu, na wimbo sharti urudiwe mara ya pili na ya tatu kabla mwanga haujafika penye makaburi.